John Barnes: kwa nini winga wa Anfield hakuonekana Wembley

Mtafute shabiki wa Liverpool aliyeifuatilia timu hiyo kati ya 1987 na 1990, umuulize nani alikuwa winga bora pale Anfield, uwanja wa Liverpool. Atamtaja John Barnes kabla hujamaliza swali. Kisha mtafute shabiki wa timu ya taifa ya England wa rika hilohilo, umuulize habari za mtu huyohuyo. Atakubali kwamba kipaji alikuwa nacho, halafu ataanza na “lakini”.

Takwimu zinampa kila mmoja wao pa kusimamia. Liverpool alicheza mechi 407 akafunga mabao 108, yaani bao moja karibu kila mechi nne. Kabla ya hapo, Watford ilipata kwake mabao 65 katika mechi 233 za ligi, uwiano uleule. England alicheza mechi 79 akafunga mabao 11, bao moja kwa zaidi ya mechi saba. Mtu mmoja, miguu ileile, miaka ileile.

Vijiweni suala hili humalizwa kwa maneno mawili: hakujituma. Ni jibu jepesi, na naamini ni la uonevu. Kocha hamwiti mtu asiyejituma mara 79, na Barnes aliitwa na makocha watatu tofauti: Bobby Robson, Graham Taylor na Terry Venables. Wote watatu walimwona mazoezini, na wote watatu walimpanga. Kwa hiyo tuiweke kando hoja ya moyo wake, tuangalie mpira wenyewe na mazingira aliyochezea.

Kutoka Kingston hadi Watford

Barnes alizaliwa Kingston, Jamaika, tarehe 7 Novemba 1963. Baba yake, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa kanali katika jeshi la Jamaika. Mwaka 1976 baba alitumwa London kuwa mwambata wa kijeshi, na familia ikahamia naye. John alikuwa na miaka 12. Alikuja Uingereza akiwa mtoto wa ofisa wa nchi nyingine, mwenye nyumba ya heshima na baba anayejulikana kwao. Nalisisitiza hilo kwa sababu linasaidia kuelewa utulivu aliokuwa nao baadaye mbele ya matusi. Alikua akijua thamani yake kabla hajakutana na watu waliotaka kumwambia hana.

Watford walimwona akichezea timu ya mtaani iitwayo Sudbury Court, wakamsajili mwaka 1981. Inasemekana malipo kwa timu hiyo yalikuwa seti ya jezi. Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 17, aliingia akitokea benchi dhidi ya Oldham Athletic na hakuangalia nyuma tena. Watford ya kocha Graham Taylor na mwenyekiti wake, mwanamuziki Elton John, ilikuwa inapanda kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1978 ilikuwa inatoka daraja la nne. Mwaka 1982 ilipanda daraja la kwanza, na msimu wake wa kwanza huko ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool. Mwaka 1984 ilicheza fainali ya Kombe la FA ikafungwa na Everton mabao 2-0.

Mpira wa Taylor haukupendwa na wataalamu. Ulikuwa wa kubutua: mpira unatoka nyuma, unaruka kiungo, unawafikia washambuliaji. Lakini ndani ya mfumo ule mawinga walikuwa na kazi kubwa na ya wazi. Mpira uliwafikia mapema, mabeki wa upande wa pili wakiwa bado hawajajipanga, na walitakiwa kumkabili beki na kupiga krosi. Kwa kijana mwenye nguvu za mapaja kama za Barnes, anayeweza kugeuka na beki mgongoni, ilikuwa shule nzuri kuliko ilivyoonekana.

Suala la kuichezea England lilikuja kwa urahisi mno, na huenda ndiyo maana baadaye likawa gumu. Barnes hakuzaliwa Uingereza, na wazazi wake pia hawakuzaliwa huko. Alikuwa na pasipoti ya Uingereza, na kwa hiyo angeweza kuchezea timu yoyote kati ya nne za visiwa vile. Mwenyewe amekuwa akisema waziwazi kwamba alichezea England kwa sababu ndio waliomwita kwanza, na kwamba wangekuwa Scotland waliotangulia angekwenda Scotland. Wapo waliochukia kauli hiyo. Mimi naiona ya mtu mkweli: mchezaji wa kulipwa aliyepata kazi, akaifanya. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Belfast tarehe 28 Mei 1983, sare ya 0-0 na Ireland ya Kaskazini.

Bao lililokuwa deni

Juni 1984 England ilikuwa haina pa kwenda. Michuano ya Ulaya ilikuwa inachezwa Ufaransa na wao hawakufuzu. Bobby Robson akachukua kikosi chenye vijana wengi, akaenda nacho Amerika Kusini. Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Juni dhidi ya Brazil, kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro. England haikuwahi kuifunga Brazil katika ardhi ya Brazil.

Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, Barnes alipata mpira karibu na mstari wa kushoto. Mawinga wa Kiingereza wa wakati ule walifundishwa kwenda chini hadi mwisho wa uwanja na kupiga krosi. Yeye aliingia ndani. Akampita wa kwanza, mpira ukiwa umenatana na mguu, akampita wa pili, na kila beki aliyekuja alichelewa kwa hatua moja. Hakuwa anaruka wala kufanya mbwembwe. Alikuwa anabadilisha mwelekeo kidogokidogo, kiuno kikienda huku na mpira ukienda kule. Alipofika kwa kipa Roberto Costa alimzunguka, akausukuma mpira nyavuni. Kipindi cha pili akapiga krosi iliyomkuta Mark Hateley, naye akafunga kwa kichwa. Brazil 0, England 2.

Alikuwa na miaka 20. Ukitaka kufahamu matatizo yake yote yaliyofuata akiwa na timu ya taifa, anza na dakika ile. Tangu siku hiyo mashabiki wa England hawakumpima Barnes kwa kazi ya winga, yaani krosi, kumchosha beki, kufungua nafasi kwa wengine. Walimpima kwa bao la Maracanã. Kila aliposhika mpira Wembley, uwanja wa nyumbani wa England, watu 70,000 walisubiri awalambe chenga mabeki watano. Akimpita mmoja na kutoa pasi nzuri, walihisi wamepunjwa. Bao kama lile mchezaji hulifunga mara moja maishani, kama akibahatika. Yeye alilifunga mapema, mbele ya dunia nzima, na akaambiwa alirudie.

Na hata bao lenyewe halikupokewa na wote. Katika safari ileile ya Amerika Kusini, ndani ya ndege, walikuwemo wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi. Barnes na wenzake wamesimulia jinsi watu hao walivyokuwa wakidai England imeshinda 1-0 tu, kwa kuwa bao la mtu mweusi halihesabiwi. Tutalirudia jambo hili.

Mwaka 1986, katika Kombe la Dunia la Mexico, Robson alimweka benchi karibu mashindano yote. Alimwingiza mara moja tu, tarehe 22 Juni katika robo fainali dhidi ya Argentina, dakika ya 74, Diego Maradona akiwa ameshafunga yale mabao yake mawili. Barnes akaanza kumwendea beki wa kulia wa Argentina moja kwa moja. Dakika ya 81 akampita, akapiga krosi, Gary Lineker akafunga kwa kichwa. Dakika chache baadaye akafanya vilevile, krosi ileile, na Lineker akaukosa mpira mbele ya goli kwa nywele. England ilitolewa 2-1. Kwa robo saa ile Argentina, waliokuwa njiani kuchukua kombe, hawakuwa na jawabu kwake. Ajabu ni kwamba robo saa hiyo haikumjengea hoja kwamba atumike hivyo siku zote. Ilihesabiwa kuwa jaribio lililochelewa, basi.

Liverpool ilimpa nini

Kiangazi cha 1987 Kenny Dalglish alimnunua Barnes kwa pauni 900,000. Ian Rush alikuwa anaondoka kwenda Juventus, na Dalglish alikuwa anaijenga upya safu nzima ya mbele: John Aldridge alikuwa ameshafika mwezi Januari, Peter Beardsley akaja kutoka Newcastle, na mwezi Oktoba akaongezwa Ray Houghton kutoka Oxford. Mashabiki wa nyumbani walilazimika kusubiri kuwaona, kwa sababu mfereji wa maji machafu wa zama za Malkia Victoria ulikuwa umeporomoka chini ya jukwaa la Kop. Mechi ya kwanza Anfield ikachezwa tarehe 12 Septemba dhidi ya Oxford. Barnes alimtengenezea Aldridge bao la kwanza, la pili akalifunga mwenyewe kwa mpira wa adhabu. Ikaisha 2-0.

Liverpool haikufungwa katika mechi 29 za mwanzo za ligi, ikaifikia rekodi ya Leeds, na ikatwaa ubingwa kwa pointi 90. Barnes, winga, alifunga mabao 15 ya ligi. Wachezaji wenzake wa ligi nzima walimchagua kuwa mchezaji bora wa msimu, na waandishi wa habari za michezo nao wakamchagua. Tarehe 13 Aprili 1988 Nottingham Forest walifungwa 5-0 pale Anfield, na Tom Finney, winga mkubwa wa England wa enzi za nyuma, aliusifu mchezo ule kuwa miongoni mwa bora aliowahi kuutazama.

Hapa ndipo panapohitaji kuangaliwa kwa karibu. Liverpool ya wakati ule ilicheza gusa-achia. Alan Hansen alitoka na mpira kutoka nyuma bila haraka, akautoa kwa Ronnie Whelan au Steve McMahon, na mpira ukaendelea kuzunguka kwa pasi fupi hadi upande mmoja wa wapinzani ukose mtu. Upande huo mara nyingi ulikuwa wa kushoto. Mpira ulimfikia Barnes miguuni, akiwa katika nusu ya wapinzani, na beki mmoja tu mbele yake. Yule beki angependa kusaidiwa na kiungo wa kati, lakini kiungo huyo alikuwa anamtazama Beardsley, aliyezoea kushuka kati ya kiungo na ulinzi. Angependa kusaidiwa na beki wa kati, lakini huyo alikuwa amebanwa na Aldridge. Kwa hiyo alibaki peke yake na Barnes.

Na Barnes hakulazimika kumpita kila mara. Angeweza kugongeana na Beardsley, akaupokea mbele. Angeweza kuurudisha kwa Whelan, akangoja dakika moja, ukaja tena. Uhuru wa kutopiga chenga ndio uliofanya chenga zake ziwe hatari. Beki hakujua ni lini. Katika mechi ambayo mpira unamfikia winga mara nyingi, anaweza kupoteza mara tano na bado akafunga mara mbili, na hakuna atakayekumbuka zile tano.

Mazoezi ya Liverpool kule Melwood nayo yalikuwa ya mechi ndogondogo, wachache kwa wachache, siku baada ya siku. Mawazo ya pamoja yalijengwa hapo. Barnes alijua Beardsley yuko wapi bila kuinua kichwa.

England alipewa nini

Sasa vua ile jezi nyekundu, vaa nyeupe. England ya Bobby Robson ilicheza mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili, na mara nyingi kwa tahadhari. Winga alitakiwa kwanza arudi kumsaidia beki wake. Mpira ukipatikana ulipita haraka kwenda mbele, au ulipitia kwa Bryan Robson katikati, au ulielekea kulia kwa Chris Waddle, mtu mwingine aliyependa kukaa na mpira. Barnes alisimama pembeni kushoto akingoja. Mwenyewe amelieleza jambo hili mara nyingi tangu astaafu: Liverpool mpira ulimtafuta, England alikaa muda mrefu bila kuugusa, na ulipofika alitakiwa afanye muujiza papo hapo, mara nyingi akiwa mbali na goli na mabeki wawili wakiwa wameshajipanga.

Wengi wanaposikia hivyo huuliza: si Liverpool ilikuwa timu ya Waingereza, kwa nini England isingecheza kama Liverpool? Hapa ndipo fumbo linapofunguka, na sijui kwa nini halisemwi mara nyingi zaidi. Liverpool haikuwa timu ya Waingereza. Hansen, Steve Nicol na Gary Gillespie walikuwa wa Scotland. Whelan, Houghton na Aldridge walichezea Jamhuri ya Ireland. Jan Mølby alikuwa Mdenmark. Golini alikuwa Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe. Rush, aliporudi mwaka 1988, alikuwa wa Wales. Katika uti wa mgongo wa timu ile, Barnes akienda kambi ya England alifuatana na Beardsley, na mara chache McMahon. Wengine wote walienda kwao.

Ushahidi ulijitokeza wazi kabisa tarehe 12 Juni 1988 mjini Stuttgart. Ilikuwa mechi ya kwanza ya England katika michuano ya Ulaya, na Barnes alikuja akiwa mchezaji bora wa nchi. Wapinzani walikuwa Jamhuri ya Ireland. Dakika ya sita Aldridge akaunyanyua mpira kwa kichwa, Houghton akaufunga kwa kichwa, na Whelan alikuwa kiungoni akishangilia nao. England ikafungwa 1-0. Ikafungwa tena 3-1 na Uholanzi ya Marco van Basten, na 3-1 na Umoja wa Kisovieti, ikarudi nyumbani bila pointi. Barnes alilaumiwa kwamba “yule wa Liverpool” hakufika Ujerumani. Lakini watu waliomfanya awe yule wa Liverpool walikuwa Stuttgart siku ile. Walivaa kijani.

Wasomaji wa leo wameuona mjadala wa aina hii kwa Lionel Messi. Kwa miaka mingi Waargentina walimshangaa kwa nini hachezi kama anavyocheza Barcelona, huku Xavi na Andrés Iniesta wakiwa Wahispania. Messi alipata muda wa kutosha, timu ikajengwa kumzunguka, na mwaka 2021 na 2022 mjadala ukafa. Barnes hakujengewa timu. Alichomekwa kwenye timu iliyokuwepo.

Rangi

Barnes hakuwa mweusi wa kwanza Liverpool. Howard Gayle alimtangulia. Lakini ndiye wa kwanza kununuliwa kwa fedha nyingi na kuwa nguzo ya timu, katika jiji ambalo timu zake mbili kubwa zilikuwa na wachezaji weupe karibu watupu. Mechi za mahasimu Liverpool na Everton msimu wa 1987/88 zilijaa nyimbo za matusi. Ipo picha ya mwaka 1988, uwanjani Goodison Park, nyumbani kwa Everton wakati huo: Barnes anapita pembeni, ganda la ndizi limetupwa miguuni pake, naye analipiga kisigino kulitoa uwanjani bila hata kubadilisha sura. Picha hiyo imezunguka dunia kama alama ya ujasiri. Mimi nikiitazama, macho yangu huenda kwa watazamaji walio nyuma yake. Ilikuwa siku ya kawaida ya kazi kwake na ya starehe kwao.

Je, ubaguzi ndio ulioharibu mpira wake wa timu ya taifa? Hapana, si kwa maana hiyo ya moja kwa moja. Aliyevumilia Goodison angeweza kuvumilia Wembley. Na tuwe waadilifu: wachezaji weupe wa England nao walizomewa na kutukanwa magazetini, Bobby Robson mwenyewe aliandamwa kwa miaka. Tofauti iko kwenye aina ya shtaka. Mchezaji mweupe akicheza vibaya aliambiwa amecheza vibaya. Barnes aliambiwa haipendi nchi. Kuzaliwa Jamaika, kauli yake kwamba England ndio waliomwita kwanza, utulivu wake usio na ngumi hewani, vyote viligeuzwa vielelezo. Ndiyo sababu neno “hakujituma” linanikera. Limebeba zaidi ya maoni ya mpira.

Klabuni hakuna aliyemhoji mapenzi yake. Baada ya msiba wa Hillsborough wa tarehe 15 Aprili 1989, uliowaua mashabiki 97 wa Liverpool, alihudhuria mazishi na kukaa na familia za waliofiwa. Mwezi uliofuata Liverpool iliifunga Everton 3-2 katika fainali ya Kombe la FA, na bao la ushindi la Rush lilitokana na krosi yake. Siku sita baadaye Arsenal waliwapokonya ubingwa Anfield katika dakika za majeruhi. Wengi wamesahau kwamba sekunde chache kabla ya bao la Michael Thomas, Barnes alikuwa na mpira karibu na kona ya Arsenal. Badala ya kupoteza muda pale pembeni, aliingia ndani kumpita mtu, Kevin Richardson akaunyang'anya, na safari ya bao ikaanza. Liverpool walimsamehe. Msimu uliofuata alifunga mabao 22 ya ligi, ubingwa ukarudi, na waandishi wakamchagua tena mchezaji bora. Mwaka 1990 ule ule, ukiwa mbali na Anfield, ungesikia tu kwamba anasinzia.

Mwili

Kombe la Dunia la Italia 1990 lilipaswa kuwa lake. Alikuwa na miaka 26, ametoka kufunga mabao mengi kuliko wakati wowote. Alianza mechi tano za kwanza, mara nyingine akisogezwa mbele karibu na Lineker baada ya Robson kubadili mfumo na kuongeza beki wa nyuma. Dhidi ya Ubelgiji aliupiga mpira ukiwa hewani ukatinga nyavuni, mwamuzi akasema ameotea. Marudio ya picha yalionyesha hakuwa ameotea. Lingekuwa bao lake la Kombe la Dunia, na huenda lingebadilisha hadithi yote. Badala yake misuli ya kinena ilimsumbua, akatolewa mechi ile, akatolewa tena mapumziko dhidi ya Kameruni, na nusu fainali na Ujerumani Magharibi akaitazama tu.

Miaka miwili baadaye likaja pigo kubwa zaidi. Tarehe 3 Juni 1992 mjini Helsinki, katika mechi ya kirafiki na Finland, siku chache kabla ya michuano ya Ulaya, kano kubwa ya kisigino ilikatika. Kwa winga, kano hiyo ndiyo kila kitu. Hatua mbili za kwanza, zile zinazomwacha beki amesimama, hutoka hapo. Barnes alirudi uwanjani baada ya miezi kadhaa, lakini hatua zile mbili hazikurudi naye.

Kocha wa England wakati huo alikuwa Graham Taylor, yuleyule wa Watford, mtu aliyemjua tangu utotoni. Tarehe 17 Februari 1993 alimpanga Wembley dhidi ya San Marino. England ilishinda 6-0, David Platt akafunga manne, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea Barnes karibu kila alipogusa mpira. Timu inaongoza kwa mabao mengi, mechi imekwisha, na watu wanamzomea mchezaji wao anayetoka kwenye jeraha la kisigino. Aprili 28, uwanja uleule, dhidi ya Uholanzi, dakika ya pili tu, alipiga mpira wa adhabu ukaingia kona ya goli. Lilikuwa bao lake la kumi na moja kwa England, na la mwisho.

Kiungo wa kati

Kipande cha mwisho ndicho kinachonishawishi zaidi, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Kama Barnes angekuwa mtu wa kasi na chenga tu, angekwisha Helsinki. Roy Evans, aliyekabidhiwa Liverpool mwaka 1994, alimtoa pembeni akamweka katikati kama kiungo wa kupanga timu. Mabeki watatu nyuma yake, Steve McManaman akizurura mbele yake, Robbie Fowler akisubiri pasi. Barnes mzito, asiyeweza tena kumkimbia mtu, akawa mtu asiyepoteza mpira. Alisimama mahali palipo na nafasi, akapokea, akageuka, akatoa. Liverpool ilitwaa Kombe la Ligi mwaka 1995, na baadaye Barnes akawa nahodha wake. Kilichompa heshima Anfield tangu mwanzo, ukikiangalia vizuri, kilikuwa hicho: mpira miguuni, mara nyingi, na watu wa kuupeleka.

Venables aliliona hilo, akamrudisha timu ya taifa akiwa kiungo. Mechi yake ya 79 na ya mwisho ilikuwa Wembley tarehe 6 Septemba 1995 dhidi ya Colombia, siku kipa René Higuita alipojirusha mbele na kuuokoa mpira kwa visigino. Hapo England ikaachana naye, akiwa hajatimiza miaka 32.

Miezi saba baadaye, tarehe 3 Aprili 1996, Liverpool na Newcastle walikuwa 3-3 pale Anfield, muda wa nyongeza umeshaanza. Barnes alisogea na mpira hadi ndani ya eneo la hatari, akagongeana na Rush, wakongwe wawili katikati ya msitu wa miguu. Mabeki wa Newcastle wote walivutwa kwao. Barnes hakupiga shuti wala hakujaribu kumpita mtu. Aliutelezesha mpira kushoto, kwenye ile nafasi aliyoizoea miaka yote, na safari hii aliyekuwa amesimama pale peke yake ni Stan Collymore. Liverpool 4, Newcastle 3.